Bibi Anywaye Chai: Habari za Picha ya Mwaka 1735

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu baada ya kuyasikia, mara nyingi tukizungumza habari za kale twataja wafalme, vita, na safari za majahazi. Leo twataka kuwaelezeni habari za bibi mmoja aliyeketi mezani akinywa chai. Hakutawala nchi, wala hakuandika kitabu, wala hatujapata kusikia neno lolote alilolisema. Lakini yapata miaka mia tatu sasa watu wanamtazama, na kila amtazamaye hupunguza sauti, kama mtu aingiaye chumbani akakuta mwenye nyumba anawaza.

Bibi huyo yumo katika picha iliyochorwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka 1735. Aliyeichora aliitwa Jean-Siméon Chardin, jina ambalo Wafaransa huitamka silabi yake ya mwisho puani, kwa hiyo asisumbuke mwalimu yeyote ambaye wanafunzi wake watalisoma namna nyingine. Picha yenyewe si kubwa: upana wake wazidi kidogo futi 3, na kimo chake hakifiki futi 3. Imechorwa juu ya turubai kwa rangi zilizosagwa na kuchanganywa na mafuta.

Tuitazame. Bibi ameketi juu ya kiti, nasi twamwona kwa upande, kama vile tungemwona mtu kutoka mlangoni naye asijue kwamba tumefika. Kichwani amevaa kofia nyeupe ya kitambaa, na mabegani amejitanda shali. Mbele yake iko meza ndogo nyekundu, yenye mtoto wa meza uliovutwa kidogo. Juu ya meza limewekwa birika la udongo lenye rangi ya kahawia nzito, na karibu nalo kikombe. Kwa mkono mmoja ameshika kijiko, naye anakoroga chai pole pole. Mvuke unapanda kutoka kikombeni. Nyuma yake ni ukuta mtupu: hapana pazia, hapana dirisha, hapana mtumishi anayesubiri amri. Ni hayo tu.

Kila mmoja wetu aliyepata kupigwa picha anajua jinsi mtu anavyosimama siku hiyo. Hujikaza kama askari kwenye gwaride, akavaa nguo za sikukuu hata kama ni Jumanne, akaukodolea macho mtambo. Ndivyo walivyofanya mabibi wakubwa wa Ufaransa wa zamani zile walipochorwa. Walitaka waonekane wakiwa na hariri, na lulu, na mbwa mdogo mapajani, nao hututazama kana kwamba wanatuuliza tumefuata nini nyumbani mwao. Bibi huyu hatutazami. Macho yake yameshuka chini kuelekea kikombe, lakini nadhari yake haiko hapo. Yu mbali. Sisi tunaoitazama picha twabaki tukijiuliza anawaza nini, na mchoraji hatuambii.

Sasa tumweleze mchoraji. Chardin alizaliwa Paris mwaka 1699. Baba yake alikuwa seremala aliyetengeneza meza za mchezo wa biliadi, hata akawauzia watu wa nyumba ya mfalme. Kijana alikua katikati ya randa na vumbi la mbao, na labda ndiyo sababu maisha yake yote alijua jinsi meza inavyosimama na jinsi chungu kinavyokalia meza. Katika siku zile wachoraji wa Ufaransa walikuwa na chama chao kikubwa chini ya mfalme, na chama kilipanga aina za picha kwa vyeo, mfano wa ngazi. Juu kabisa walikaa wale waliochora habari za Biblia, na miungu ya kale, na vita vya wafalme. Chini yao, wachoraji wa sura za watu. Chini zaidi, wachoraji wa mambo ya nyumbani, kisha wa wanyama, na chini kabisa waliochora matunda, vyombo na vitu visivyo na uhai. Chardin alipokubaliwa chamani mwaka 1728 aliandikwa kuwa mchoraji wa wanyama na matunda. Picha moja aliyoitoa siku hiyo ni ya samaki aina ya taa, aliyepasuliwa na kuning'inizwa jikoni, na paka amesimama juu ya chaza akimnyemelea. Mtu wa pwani akiiona hana haja ya kufasiriwa.

Basi ilikuwaje mchoraji wa samaki akaanza kuchora watu? Waliomjua husimulia kisa kimoja. Alikuwa na rafiki, Bwana Aved, mchoraji wa sura za watu. Siku moja Aved alipewa kazi ya kumchora mtu kwa livre 400, ndizo fedha za Ufaransa wa siku zile, naye akaona ni kidogo, akataka kukataa. Chardin akamshauri azipokee, kwani kwake yeye fedha hizo zilikuwa nyingi. Aved akamjibu kwamba ndiyo, zingekuwa nyingi kama kuchora uso wa mtu kungekuwa kwepesi kama kuchora soseji. Neno lile lilimchoma Chardin. Aliona kwamba watu wakichoka kununua picha za vyombo na samaki atakosa chakula, akajitia kuchora watu: mjakazi anayesugua sufuria, mwanamke anayerudi sokoni na mikate, mtoto anayejenga nyumba kwa karata, mama anayewafundisha watoto kusali kabla ya kula. Hakuwapandisha watu hao cheo wala hakuwacheka. Aliwachora kwa uangalifu uleule aliouweka katika chungu cha shaba.

Naye bibi wa chai ni nani? Katika picha hakuna jina. Lakini wataalamu wengi wamwona kuwa ni Marguerite Saintard, mke wa Chardin mwenyewe, na ushahidi wao tutaueleza baadaye. Habari ya ndoa yao yastahili kusimuliwa. Mkataba wa kuoana uliandikwa mwaka 1723, wakati Chardin alipokuwa na miaka ishirini na kitu, na binti alikuwa wa watu wenye mali kiasi. Lakini arusi haikuwa hata mwaka 1731. Katika miaka minane hiyo mali ya binti ilipotea, na wengi wangelisema mkataba umekufa pamoja na mali. Chardin alishika ahadi yake, akamwoa. Mwaka uleule walipata mtoto wa kiume, Jean-Pierre, na mwaka 1733 mtoto wa kike.

Hapo ndipo tulipo tunapomwona bibi mezani: ana mume ambaye jina lake linaanza kusikika, watoto wawili wadogo, nyumba isiyo ya kimaskini wala ya kitajiri, na birika la chai.

Chai! Neno hilo kwetu leo ni la kila asubuhi, lakini tusisahau kwamba kichaka cha kwanza cha chai katika Kenya kilipandwa Limuru mwaka 1903 tu. Katika Paris ya mwaka 1735 chai ilikuwa kitu cha mbali na cha ghali. Waingereza walikwisha kuizoea, lakini Wafaransa walipenda zaidi kahawa na chokoleti, na chai waliifikiri kuwa nusu kinywaji, nusu dawa. Yote ilitoka Uchina. Majani yalinunuliwa katika bandari ya Canton, yakapakiwa katika merikebu za Kampuni ya Ufaransa ya Biashara ya Uhindi, yakavushwa bahari yetu hii ya Hindi kwa pepo zilezile za kusi na kaskazi wanazozijua manahodha wa Lamu na Unguja, yakazunguka Rasi ya Kusini mwa Afrika, hata yakafika bandari ya Lorient katika Ufaransa. Kwenda na kurudi, safari ilichukua zaidi ya mwaka. Hata jina la chai laonyesha njia lilizopita. Sisi twasema chai, na Wahindi, Waajemi na Warusi husema karibu vivyo hivyo, kwa kuwa neno lilitoka kwa Wachina wasemao cha. Wafaransa husema thé, kwa kuwa Waholanzi, walioleta chai ya kwanza Ulaya ya magharibi, walilichukua neno kutoka kwa Wachina wa pwani nyingine, ambao kwao jani hilo ni te.

Tena bibi anakoroga, na mtu asiyetia sukari hana sababu kubwa ya kukoroga. Sukari iliyoliwa Paris siku zile ilitoka visiwa vya Amerika, zaidi Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, na iliyolimwa huko ililimwa na watumwa waliochukuliwa Afrika. Baadaye mkono huo ulifika pwani yetu pia. Merikebu za Wafaransa ziendazo Mashariki zilipumzika katika kisiwa walichokiita Isle de France, yaani Morisi. Mwaka 1735, mwaka uleule wa picha yetu, gavana mpya, La Bourdonnais, alifika huko akaanza kujenga bandari na kuendeleza mashamba ya miwa. Mashamba yakataka watu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1000 kila mwaka. Hatusemi kwamba Bibi Marguerite alilijua jambo hilo. Mkataba wenyewe uliandikwa miaka arobaini na moja baada ya yeye kukaa mezani. Lakini chumba kile kinachoonekana kimefungwa pande zote, kimya, bila dirisha, kilikuwa na mlango wa baharini.

Turudi katika picha. Chardin alifanya kazi polepole mno. Wachoraji wengi wa wakati wake walianza kwa kuchora mistari mingi juu ya karatasi, wakajaribu mkono hivi na kichwa vile, ndipo wakagusa turubai. Yeye hakufanya hivyo ila kwa nadra. Alikiweka kitu mbele yake akakitazama, akapaka rangi, akangoja, akapaka tena juu yake, mpaka rangi zikawa nzito kama lipu. Ukiisogelea picha yake mno huoni kikombe, waona madoa. Ukirudi nyuma hatua chache, madoa yanakuwa kikombe, na juu yake mvuke. Na mvuke ndio jambo gumu kuliko yote hapo, kwani hauna umbo wala rangi, nao haungoji. Chai hupoa kabla mchoraji hajachovya burashi mara ishirini. Bila shaka birika lilijazwa maji ya moto mara nyingi, na siku nyingi, ili mvuke ule mmoja upatikane.

Kwa hiyo mke, akiwa ndiye, aliketi hapo muda mrefu. Twaweza kuwaza kwamba mawazo yale yaliyo usoni mwake ni uchovu tu wa mtu aliyeambiwa asijitikise. Huenda ikawa. Lakini liko jambo jingine. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo wa 1735, Marguerite Saintard alifariki. Alikuwa bado kijana, na ndoa yao ilikuwa ya miaka minne na miezi michache. Mwanawe alikuwa na miaka mitatu, na bintiye hajatimiza miwili.

Yule binti naye hakuishi sana baada ya mamaye. Mwaka 1737 waliandikwa wote na vyote, kama ilivyokuwa desturi ya Ufaransa mtu alipokufa akaacha watoto wadogo. Karani aliingia nyumbani akaenda chumba kwa chumba, akaandika kila kitu na thamani yake, ili ijulikane kipi ni fungu la watoto kutoka kwa mama yao. Wenzetu waliopata kuhudhuria mambo ya mirathi wanalijua zoezi hilo, na jinsi lilivyo gumu kumsikia mtu baki akihesabu vijiko vya marehemu. Hati hiyo ingaliko. Katika orodha yake imo meza ndogo nyekundu, na limo birika la udongo la rangi ya kahawia. Huo ndio ushahidi tuliosema. Vyombo vya pichani vilikuwa vyombo vya nyumba ile, na kwa kuwa vyombo ni vyake, yaaminiwa kwamba hata aliyeketi mbele yavyo ni mwenye nyumba.

Kuna jambo la ajabu hapo ambalo sisi wenyewe hatukuliona mara ya kwanza. Karani na mchoraji waliviandika vitu vilevile viwili, meza na birika, kila mmoja kwa kazi yake. Karani alivipa bei. Leo hakuna ajuaye meza ile ilivunjwa wapi, wala birika liliangukia sakafu gani.

Mwaka 1739 Chardin aliipeleka picha katika maonyesho makubwa ya wachoraji, yaliyofanywa katika jumba la Louvre. Watu wa kila namna waliruhusiwa kuingia bila kulipa, nao walikuja kwa maelfu, mabwana kwa watumishi. Katika kijitabu cha maonyesho hakuandikisha jina la mkewe, wala neno la matanga. Iliandikwa kwamba ni bibi anayekunywa chai. Baadaye ilichongwa katika bamba la shaba na kupigwa chapa, hata watu wasioweza kununua picha ya rangi wakapata kuitundika nyumbani. Hatujui wangapi kati yao walidhani ni bibi yeyote tu. Bila shaka karibu wote, na yaonekana ndivyo mwenyewe alivyotaka.

Maisha yakaendelea. Mwaka 1744 Chardin alimwoa Françoise-Marguerite Pouget, mjane mwenye mali yake, mwanamke hodari ambaye Chardin alipokuwa mweka hazina wa chama cha wachoraji alimsaidia kutunza hesabu. Mfalme Louis wa kumi na tano alimheshimu mchoraji wake, na mwaka 1757 akampa makao katika jumba la Louvre. Kwa mtoto wa seremala hiyo ilikuwa heshima kubwa. Lakini mwaka uleule nyumba iliingiwa na ugomvi. Jean-Pierre, yule mwana aliyebaki, amekuwa mtu mzima sasa, naye mchoraji vilevile. Alikuwa amepata tuzo kubwa ya vijana mwaka 1754, ipelekayo mtu kusoma Roma. Yeye na babaye walishindana juu ya urithi wa mama, urithi uleule ulioandikwa na karani miaka ishirini nyuma. Hatutaki kumhukumu mmoja wao. Mwana alikwenda zake Italia, na huko akafa kabla ya babaye, wala hakuacha kazi ya kulikuza jina lake.

Mzee alibaki. Macho yalipoanza kumwacha na rangi za mafuta zikamdhuru, alizitupa, akashika kalamu za chaki za rangi, akajichora mwenyewe akiwa na miwani puani na kitambaa kichwani. Mwaka 1775, yu na miaka sabini na mitano, alimchora mke wake wa pili, naye pia mzee, na picha hiyo haikuficha kunyanzi hata moja. Alifariki Desemba 1779.

Na picha ya bibi wa chai ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Katika miaka ya 1760, Chardin angali hai, iliingia mikononi mwa Mskochi aitwaye William Hunter, daktari aliyekaa London. Hunter alikuwa fundi mkubwa wa elimu ya mwili wa binadamu, na zaidi ya yote daktari wa wanawake wenye mimba. Alimhudumia Malkia Charlotte mwenyewe, na mwaka 1774 alitoa kitabu kikubwa cha picha kionyeshacho jinsi mtoto anavyokaa tumboni mwa mama. Hakuoa. Fedha alizozipata alizitumia kununua vitabu, sarafu, mawe, makombe, na picha. Alipofariki mwaka 1783 aliacha wasia kwamba vyote viende Chuo Kikuu cha Glasgow, alikopata kusoma. Nyumba ya kuviweka ilifunguliwa huko mwaka 1807, ndiyo ya kwanza katika Skotlandi watu wote kuweza kuingia na kutazama vitu vya kale, nayo huitwa Hunterian.

Hunter alikuwa amenunua picha tatu za Chardin. Ya pili ni ya mjakazi anayesugua sufuria ameinama juu ya pipa, na ya tatu ni ya kijana wa kuhudumu divai. Katika nyumba yoyote ya Paris mwaka 1735 hao wawili wangekaa jikoni na chini ghalani, na kama bibi angewahitaji, angewaita. Huko Glasgow wote watatu wamekuwa mali ya nyumba moja. Mjakazi hajamaliza kusugua, kijana angali kazini, na chai ya bibi haijapoa.